Kumtafuta Babu Aliyekuwa Askari Polisi: Mwongozo kwa Familia za Mwanza na Kando ya Ziwa

Katika familia nyingi za Mwanza, Magu, Sengerema na Ukerewe, habari za babu aliyevaa sare huishia katika maneno mawili tu: alikuwa askari. Neno hilo ndilo linalowapoteza watafutaji wengi, kwa kuwa sisi huwaita hivyo polisi, mwanajeshi, mlinzi wa gereza na hata mtumishi wa mtemi aliyetumwa kuwaita wasiolipa kodi. Kila mmoja wao alikuwa na mwajiri wake, na kumbukumbu zake, kama zimesalia, zimehifadhiwa mahali tofauti. Kwa hiyo kabla hujapanda gari kwenda ofisi yoyote, jua kwanza babu alikuwa askari wa nani.

Miaka ndiyo itakayokusaidia kujibu. Wajerumani walifika Bukoba na Mwanza mwaka 1890, na baadaye wakawa na kikosi cha polisi kilichotenganishwa na jeshi lao la Schutztruppe. Vita vilipoanza mwaka 1914, polisi hao waliingizwa jeshini, kwa hiyo mtu aliyeandikishwa kuwa polisi angeweza kumaliza vita akiwa mwanajeshi. Ukisikia mjomba akisema babu alikuwa polisi, na shangazi akisema alipigana na Mwingereza, usiharakishe kumwona mmoja wao kuwa amekosea. Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916, na tarehe 25 Agosti 1919 Jeshi la Polisi la Tanganyika likaanzishwa rasmi, makao yake makuu yakiwa Lushoto hadi yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1930. Katika miaka hiyo ya mwanzo polisi na magereza vilikuwa chombo kimoja, vikatenganishwa mwaka 1931. Ndiyo maana babu aliyelinda wafungwa mwaka 1927 anaweza kuwa katika kumbukumbu za polisi.

Lipo kundi jingine linalosahauliwa, nalo kwetu Usukumani lilikuwa kubwa. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa watemi mamlaka ya kuendesha serikali za wenyeji, zenye baraza, hazina, matarishi na askari wake, na utaratibu huo ulidumu hadi utawala wa watemi ulipofutwa mwaka 1963. Askari wa mtemi hakuwa wa Jeshi la Polisi. Mimi mwenyewe nilipoteza karibu mwaka mzima nikimtafuta babu mzaa baba katika majalada ya polisi, mpaka siku moja shangazi, akichambua dagaa, alipotaja kwa kupita tu kwamba mshahara babu alikuwa akiuchukua barazani kwa mtemi. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mzee yeyote, baada ya shikamoo, ni hili: alikuwa analipwa na nani, na alikuwa anaupokelea wapi mshahara wake?

Mahojiano ya nyumbani yanastahili muda mwingi kuliko watu wanavyoyapa. Usimuulize bibi mwaka ambao babu aliajiriwa, kwa sababu hataujua na atajisikia vibaya kwa kutoujua. Muulize kama reli ilikuwa imefika Mwanza, maana ilifika mwaka 1928. Au kama ilikuwa kabla ya vita vya Hitler, au wakati wa ghasia za Geita za mwaka 1958, ambazo polisi waliitwa kuzituliza. Kisha waorodheshe watoto wote wa babu, wakiwamo waliofariki wachanga, na mbele ya kila jina uandike mahali alipozaliwa. Askari alihamishwa kutoka wilaya hadi wilaya na mara nyingi mke alimfuata kwenye laini za polisi, yaani nyumba za askari, hivyo orodha ya uzazi ndiyo ramani ya uhamisho wake. Mtoto wa kwanza akiwa wa Musoma, wa pili wa Bukoba na wa tatu wa Shinyanga, tayari unajua majalada ya wilaya zipi yafunguliwe. Hata majina hutoa fununu: Njile kwa Wasukuma ni aliyezaliwa njiani, na si ajabu familia ya askari ikawa naye.

Kuhusu jina la babu mwenyewe, andika kila namna ambayo huenda liliandikwa. Wengi waliandikishwa kwa jina la utani, kwa jina la dini walilolipata wakiwa kazini, au kwa jina la baba peke yake, na karani wa Kijerumani au wa Kiingereza aliandika alivyosikia: Ng'wandu akawa Wandu au Mwandu.

Kisha omba kwa adabu lifunguliwe sanduku la bati. Kitu cha thamani kuliko vyote humo ni namba ya jeshi, kwa sababu majina yanafanana lakini namba ni ya mtu mmoja. Inaweza kuwa kwenye cheti cha kustaafu, kwenye barua ya kiinua mgongo au nyuma ya picha. Kwa askari wa baada ya uhuru huwa ni herufi ikifuatwa na tarakimu, na kwa askari wa kike hutanguliwa na WP. Kama kuna nishani, usiisugue kwa majivu ili ing'ae. Itazame ukingoni kwa kioo cha kukuzia, kwa kuwa nishani za polisi za wakati wa Waingereza mara nyingi zilichongwa ukingoni namba, cheo na jina la mwenyewe. Nishani ya utumishi wa muda mrefu ya polisi wa makoloni, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilidai miaka 18 ya mwenendo mwema, hivyo kuiona tu kunakupa kipimo cha muda aliotumika. Vyeo navyo vinasema: familia inayomkumbuka babu kama ombasha (koplo) au shaushi (sajini) inazungumzia zaidi askari wa zama za Wajerumani, au wa jeshi, kuliko koplo na sajini wa polisi waliofuata.

Usivunjike moyo kama sanduku ni tupu. Inasimuliwa kwamba Ujerumani Magharibi ilipoamua mwaka 1964 kuwalipa askari wake wa zamani malimbikizo ya mishahara, ofisi ya muda ilifunguliwa hapa hapa Mwanza, wakajitokeza wazee wapatao 350, na wachache mno walikuwa na vyeti. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani ashike silaha, na inasemekana hakuna aliyeshindwa. Ndiyo maana katika mahojiano ni vizuri kuuliza babu alitoa amri gani alipowachezea wajukuu gwaride, kwa sababu maneno hayo yanaonyesha alifunzwa na nani.

Ukiisha kuwa na jina, miaka na wilaya, ndipo uende Nyaraka za Taifa. Makao yake yako Dar es Salaam, na kwa mkazi wa Kanda ya Ziwa ni busara kuanza kwa kuuliza katika ofisi ya idara hiyo iliyoko Mwanza. Beba kitambulisho na barua ya utambulisho, na fahamu kwamba kwa kawaida kumbukumbu hufunguliwa kwa wasomaji zikishatimiza miaka 30. Askari wa vyeo vya chini ni nadra kuwa na jalada lenye jina lake juu, kwa hiyo omba majalada kwa mada: nidhamu, malipo ya kiinua mgongo, mirathi ya askari waliofia kazini, na vitabu vya wilaya, yaani vitabu ambamo ofisi za wilaya ziliandika habari za maeneo yao. Kumbuka pia kwamba mipaka imehama. Wakati wa Waingereza Mwanza ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Ziwa lililofika Bukoba, Musoma na Shinyanga, na Geita ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza hadi mwaka 2012, hivyo usiyapite majalada kwa sababu tu kichwa chake kinataja mahali pengine.

Daftari za kanisa husaidia panapokosekana karatasi za serikali, kwa kuwa Waafrika wengi waliozaliwa kabla ya uhuru hawakuandikishwa kuzaliwa. Misheni ya Bukumbi ilianzishwa mwaka 1883, na daftari za ubatizo za Kikatoliki huwa na wazazi, wasimamizi na, pembeni, taarifa ya ndoa iliyofungwa baadaye hata kama ni parokia ya mbali. Kwa familia za Kiislamu, mzee wa msikiti wa karibu na laini za zamani anaweza kujua nani aliozesha na nani alizikwa wapi.

Kama babu alitumika baada ya 1961, njia ni fupi zaidi. Mwandikie Kamanda wa Polisi wa Mkoa, ukieleza uhusiano wako naye, namba yake, cheo, vituo na mwaka wa kustaafu, na uambatanishe nakala ya cheti cha kifo. Fuatilia pia jalada la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, ambamo warithi wote hutajwa, wakiwamo wale ambao familia haikupenda kuwataja. Wastaafu wanaoishi karibu na kambi ya polisi Mabatini nao ni maktaba, ila uende jioni na usiende na fomu.

Nje ya nchi, kumbukumbu za Waingereza kuhusu Tanganyika ziko katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, katika mfululizo wa majalada wa CO 691, na za Wajerumani ziko katika nyaraka za taifa lao, Berlin, katika mfululizo wa R 1001. Humo utapata zaidi sera na maofisa wa Kizungu, kwa hiyo ningeziacha mpaka za nyumbani ziishe.

Kila utakapopata karatasi, toa nakala, uirudishe kwa yule aliyekusimulia mwanzo, na umsomee kwa sauti. Shangazi yangu aliposikia jina la kituo kimoja likisomwa, alikumbuka jina la pili ambalo babu aliitwa huko, na kwa jina hilo nilianza upya.