Jiwe linang'aa kwenye kisima: lipime kabla hujaliita dhahabu

Tulikuwa tunachimba kisima nje kidogo ya Nzega. Tulipofika futi 22, kijana wa shimoni akaacha sururu akaomba ndoo ivutwe polepole. Ikapanda na mwamba mweupe wenye punje za njano zinazometa. Kabla hatujaweka ndoo chini, mwenye kiwanja alishafunga geti. Simlaumu. Mgodi wa Golden Pride ulitoa dhahabu wilaya hii hii kwa karibu miaka 15, kwa hiyo huku kila mtu ana ndugu aliyeshika karai. Ila mimi kwenye visima nimeona ving'aavyo vingi, na rangi ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Fuata hatua hizi.

Kwanza, osha jiwe kwa maji na mswaki wa zamani. Andika kina ulipolitoa na udongo uliokuwa juu yake, na ubaki na kipande cha mwamba lililoshikamana nao.

Pili, tazama unga wake. Chukua kipande cha taili, geuza upande wa nyuma usio na ng'aro, kisha burura jiwe kwa nguvu. Hapa ndipo ubishi mwingi huishia. Dhahabu huacha mstari wa njano. Pairaiti, ile ya njano inayowadanganya watu, huacha mstari mweusi wenye ukijani. Hematiti, mawe ya chuma, inaweza kuwa nyeusi kama mkaa, lakini unga wake ni mwekundu wa kahawia, na magnetiti, mawe ya chuma yanayovutwa na sumaku, huacha mweusi. Jiwe letu liliacha mweusi. Mwenye kiwanja akasema taili ilikuwa chafu, tukaosha taili, tukarudia. Mweusi tena.

Tatu, ugumu. Jaribu kwa ukucha, kisha msumari, kisha chupa. Dhahabu ni laini: ncha ya sindano huiacha na mfereji, na ukiigonga hubonyea bila kuvunjika. Pairaiti hukwaruza chupa, na ukiigonga hupasuka kuwa vumbi. Kama king'aacho kinabanduka vijikaratasi vyembamba kwa kucha, huo ni ulanga. Mawe ya matale ya Tabora yamejaa ulanga, na ukianza kuoza juani hugeuka njano ya kupendeza sana. Nadhani ulanga umeuza viwanja vingi kuliko dhahabu yenyewe.

Nne, uzito kwa ujazo. Wengi huiruka hatua hii, nami naiamini kuliko zote. Tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali. Pima jiwe likiwa kavu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ning'iniza jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa kitako wala ukingo. Namba inayotokea ni ujazo wake. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Kipande chetu, tulichokitenganisha na mwamba mweupe, kilikuwa gramu 94, na ndani ya maji mizani ikasoma 19. Jibu ni kama 4.9. Kwazi, yaani huo mwamba mweupe, ni 2.65, pairaiti ni 5, galena, mawe ya risasi, ni 7.5, dhahabu safi ni 19.3. Pima kipande kisicho na mchanganyiko, la sivyo namba itakudanganya.

Sumaku na siki ni za kumalizia tu. Usilambe jiwe, usilichome jikoni. Galena ina risasi, na mawe yenye salfa yakiungua hutoa moshi mbaya.

Maswali ya wanachama

Shikamoo fundi. Niko Uvinza. Nimepata jiwe jeupe linalokatika vipande vya pembe za mshazari. Nimelamba, halina chumvi. Ni almasi?

Marahaba. Usilambe tena. Msumari ukilikwaruza, almasi imeshatoka kwenye hesabu. Saga kidogo, dondoshea siki kwenye unga. Ukitoa mapovu, hiyo ni kalsaiti, jamaa wa chokaa.

Huku Kasulu tumechimbua jiwe jeusi, zito, linavuta sumaku na lina vitundu vitundu. Wazee wanasema ni kimondo.

Vitundu hivyo vinanitia shaka. Vimondo kwa kawaida havina matundu ya mapovu. Uliza kama palikuwa na wahunzi zamani. Hayo yanafanana sana na mavi ya chuma, yaani takataka zinazobaki chuma kikiyeyushwa. Ukikuta na vipande vya mifereji ya udongo ya kuvukutia, usichimbue zaidi, itaarifu serikali ya kijiji.

Nikikuta dhahabu kweli kwenye shamba langu, si ni yangu?

Shamba ni lako, madini si yako. Sheria ya Madini ya 2010 inayaweka mikononi mwa taifa. Nenda ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa ukaombe leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo ni ya Watanzania peke yao. Ukitaka uhakika wa maabara, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma. Kuuza ni kwenye masoko ya madini yaliyoanzishwa tangu 2019, siyo kwa mtu wa pikipiki anayekuja usiku.

Fundi, na kile kisima cha Nzega mnakunywa maji yake?

Hapana. Pairaiti ikikutana na hewa na maji hutoa kutu na tindikali, na kwenye miamba ya dhahabu mara nyingine huongozana na aseniki, ambayo huioni wala huionji. Sampuli tumepeleka maabara ya maji. Mpaka majibu yatoke, mwenye kiwanja anayatumia kufyatulia tofali.