SOMO: Kiki na besi zisigombane (singeli, hausi, amapiano). Soma lote kabla ya kuuliza

Wakuu, habari za jioni.

Swali la "mbona besi yangu inapotea kiki (ngoma nzito ya mpigo) ikiingia" limejibiwa vipande vipande kila kona, na majibu mengi yanaanzia kwenye ikwalaiza (EQ, kifaa cha kupandisha au kushusha masafa ya sauti). Leo naliweka lote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Ikwalaiza ni hatua ya sita. Ugomvi wa kiki na besi kwa sehemu kubwa ni wa muda: sauti mbili nzito zinafika pamoja, zote zinataka kukaa, na mawimbi yake yanavutana. Muda ukikaa sawa, ikwalaiza inabaki na kazi ndogo sana. Mifano ni ya FL Studio kwa kuwa ndiyo wengi wetu tunayo, ila kanuni ni zilezile kwenye programu yoyote.

Hatua ya 1: Amua nani anakaa chini. Chini ya 60 Hz (mitetemo kwa sekunde) kuna nafasi ya mmoja. Kama besi ina noti ndefu zinazotembea, mwachie yeye chini, kiki itafute kishindo chake kwenye 80 hadi 100 Hz. Kama besi ni ya kudonoa, fupi fupi, kiki ikae 45 hadi 55 Hz na besi ianzie 80 kwenda juu. Kwenye amapiano mwenye chini mara nyingi ni logi dramu (besi yenye mpigo kama wa ngoma), basi kiki usiipe tumbo.

Hatua ya 2: Tuni kiki kwenye ufunguo wa wimbo. E ni 41 Hz, F 44, G 49, A 55, C inayofuata 65. Angalizo: FL Studio inahesabu oktevu kivyake. C ya kati, ambayo vitabu huiita C4, kwake ni C5. Kwa hiyo A ya 55 Hz kwenye piano roli (ukurasa wa kuandikia noti) utaiona imeandikwa A2. Wengi wanatuni oktevu nzima pembeni kwa sababu hii.

Hatua ya 3: Kata mkia wa kiki, yaani sauti inayobaki baada ya kishindo. Gawa 60,000 kwa BPM (mapigo kwa dakika), unapata milisekunde za mpigo mmoja. Hausi ya 120 ina milisekunde 500. Singeli ya 210 ina 286. Kiki ya hausi yenye mkia wa 400 ukiibandika kwenye singeli, kiki ya pili inaingia ya kwanza haijatoka, na hapo huna kiki tena, una mvumo mmoja usiokatika. Mkia usizidi nusu ya mpigo: kwa 210, kama 140 hivi. Malizia na fedi (kufifisha sauti) ya milisekunde 10 ili isitoe "tk" mwishoni.

Hatua ya 4: Kiki ipige kilele cha -8 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti), besi -11 au -12, masta (chaneli ya mwisho sauti zote zinakokutana) isivuke -6. Limita (kizuizi cha vilele) kwenye masta izimwe.

Hatua ya 5: Besi yote chini ya 120 Hz iwe mono (ileile kushoto na kulia).

Hatua ya 6: Ikwalaiza. Besi kata chini ya 30 Hz kwa mteremko wa 12 dB kwa oktevu, si 48. Pale kiki ilipokaa (mfano 50 Hz), punguza besi 3 dB. Kiki ikisikika kama boksi, ipunguze 2 hadi 4 dB kati ya 200 na 300 Hz. Kisha nenda kwa wengine: kinanda, pedi, sauti za waimbaji, na hasa riveb (mwangwi), wote kata chini ya 120. Uji mwingi unaosingiziwa besi unatoka kwenye riveb ya kinanda.

Hatua ya 7: Fezi, yaani mahali wimbi lilipo katika kupanda na kushuka kwake. Hapa ndipo biti nyingi zinapofia, someni taratibu.

Wimbi la 50 Hz linachukua milisekunde 20 kupanda, kushuka na kurudi. Kiki ikiwa inapanda wakati besi inashuka, zinakulana, na hakuna kitufe cha ikwalaiza kitakachorudisha kilicholiwa. Ukiongeza besi unaongeza kinacholiwa. Zikipanda pamoja kwa nguvu sawa, unapata 6 dB za bure.

Anza na sinthi. Kama osileta (kinachozalisha wimbi ndani ya sinthi) haianzi mahali palepale kila noti inapopigwa, mpigo wa kwanza utakuwa mnene, wa pili mwembamba, wa tatu katikati, na utatafuta tatizo usilione. Washa mpangilio wa kuanza wimbi upya kwa kila noti. Kisha toa kiki na besi kama faili mbili za sauti, ziweke moja juu ya nyingine, vuta karibu hadi uone mawimbi. Usiangalie mwanzo kabisa wa kiki, kwa sababu pale masafa yanaporomoka kutoka juu kwenda chini. Angalia kuanzia milisekunde ya 40 au 50, kiki ikishatulia kwenye noti yake. Zinakwenda upande mmoja? Sawa. Zinapingana? Bonyeza kitufe cha kugeuza wimbi kwenye chaneli ya besi. Ziko nusunusu? Sogeza besi milisekunde 1 hadi 5.

Maonyo:
- Geuza chaneli moja tu. Ukigeuza zote mbili umerudi ulikotoka.
- Zima saidicheni (kushusha besi kila kiki inapopiga, hatua ya 8) na kompresa (kifaa cha kubana sauti) wakati wa kupima, la sivyo unapima kitu kingine.
- Fanya hatua hii baada ya ikwalaiza. Kikato cha chini kinasogeza fezi karibu na pale kinapokatia, na mteremko mkali unasogeza zaidi. Ndiyo maana ya ule 12 badala ya 48. Ukigusa ikwalaiza ya besi tena, rudi upime upya.
- Besi inayobadilisha noti haiwezi kulingana na kiki kwenye noti zote, maana kila noti ina urefu wake wa wimbi. Linganisha noti mama, ile inayorudi mara nyingi. Zilizobaki zitashughulikiwa na hatua ya 8.

Hatua ya 8: Saidicheni. Chagua chaneli ya kiki kwenye mikisa, bonyeza kulia kimshale kilicho chini ya chaneli ya besi, chagua mstari wa saidicheni pekee (sio ule unaotuma sauti). Weka Fruity Limiter kwenye besi, fungua upande wa COMP, namba ya saidicheni iwe 1. Reshio (kiwango cha kubana) 4, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 1 hadi 3. Ataki ikiwa sifuri kabisa besi inatoa mikwaruzo. Rilisi (muda wa kuachia) ifuate kasi ya wimbo: singeli milisekunde 70 hadi 90, hausi 150 hadi 200. Shusha threshodi (kizingiti cha kuanza kubana) hadi besi ipungue 4 hadi 6 dB kila kiki ikipiga. Ikibidi uipunguze 12 ndipo pasikike safi, hatua ya 3 au ya 7 haijakaa.

Hatua ya 9: Besi ya kwenye simu. Spika ya simu haitoi 50 Hz. Tengeneza nakala ya besi, ipitishe kwenye distoshoni kidogo (Fruity Fast Dist inatosha), kisha ikate chini ya 150, ichanganye chini chini. Sikio likisikia 150, 200 na 250 linajazia 50 lenyewe.

MASWALI

Mdau, Ligula: Mkuu tupia basi settings za EQ za kiki na besi tukopi.

Jibu: Hatua ya 6. Namba za kiki yangu hazitakaa kwenye kiki yako.

Mdau, Masasi: Nimefuata kila kitu lakini besi bado inapotea kila mpigo wa pili. Nimejaribu plagini tatu tofauti.

Jibu: Mpigo wa pili peke yake? Hiyo ni osileta haianzi upya. Aya ya hatua ya 7 inayoanza "Anza na sinthi". Plagini hazihusiki.

Mdau, Mikindani: Sikubaliani. Maprodyuza wengi hawagusi hiyo fezi na ngoma zao zinapiga. Ikwalaiza na saidicheni vinatosha.

Jibu: Anayetumia kiki na besi zilizolingana tangu mwanzo hana haja ya kugusa, ni kweli. Na anayezamisha besi yote kila kiki ikipiga naye hatagundua tofauti. Geuza wimbi la besi kwenye biti yako moja, zima saidicheni, angalia mita ya masta. Ikipanda au kushuka 3 dB kwa kitufe kimoja, fezi ilikuwa inakuhusu.

Mdau, Nachingwea: Shikamoo mwalimu. Singeli yangu ni 230 na kuna sehemu kiki inapiga mara mbili ndani ya mpigo mmoja. Mkia niupime kwa mpigo au kwa zile mbili?

Jibu: Marahaba, umeuliza vizuri. Pima kwa nafasi fupi kuliko zote. 230 inatoa milisekunde 261, ukigawa kwa mbili ni 130, kwa hiyo mkia wa 65 hivi. Kiki fupi hivyo kwenye 50 Hz inapata mizunguko mitatu tu, itasikika nyembamba. Njia nzuri ni kiki mbili: ya kawaida yenye mkia wa 120, na ya sehemu za harakaharaka iliyokatwa na kupandishwa hadi 65 au 70 Hz ili mizunguko iongezeke. Besi izime kabisa kwenye hizo sehemu. Pakiwa na kasi vile, ukimya wa besi ndio unaoipa kiki uzito.

Mdau, Newala: Nimerekodi ngoma za sindimba kwa simu, nataka kuziweka juu ya biti ya hausi. Ngoma kubwa inaua kiki. Niifute?

Jibu: Usifute, hiyo ndiyo mali ya wimbo. Kwanza kata chini ya 80, maana kilichomo huko kwenye rekodi ya simu ni upepo na mtikisiko wa mkono zaidi kuliko ngoma. Pili, tafuta noti ya ngoma kwenye Wave Candy (plagini ya FL Studio inayoonyesha masafa), halafu pima mwanzoni na mwishoni mwa rekodi: ngozi iliyopashwa moto inalegea ikipoa, noti inashuka. Kata vipande, utuni kila kimoja peke yake. Tatu, usilazimishe mapigo yote yafuate gridi (mistari ya mpigo kwenye programu), utaua mchezo wake. Sogeza yale tu yanayodondoka milisekunde 10 hadi 20 baada ya kiki, ndiyo yanayofanya isikike kama kigugumizi. Ukimaliza tuwekee tusikie.

Mdau, Lindi mjini: Chumba changu ni mita 3 kwa 3, tofali, nimeegesha magodoro ukutani. Nikikaa katikati besi haipo, nikisogea kona inanguruma. Nimwamini nani?

Jibu: Usimwamini yeyote. Mita 3 zinazaa mvumo wa chumba kwenye 57 Hz, na kwa kuwa pande zote zinalingana, unajirudia mara mbili. Katikati ndipo unapofutika. Kaa kama mita 1.1 kutoka ukuta wa mbele. Godoro linakula sauti za juu, wimbi la mita 6 (la hiyo 57 Hz) halilioni. Sauti za chini zipime kwa hedifoni na Wave Candy.

Mdau, Tandahimba: Nje ya somo kidogo. Msimu wa unyago tunafunga sabufa mbili kubwa, moja kila upande wa uwanja. Mbele inapiga, lakini kuna mistari uwanjani ukisimama besi hakuna kabisa. Ni miksi?

Jibu: Miksi haina kosa. Wimbi la 50 Hz lina urefu wa karibu mita 7. Ukisimama mahali ambapo sabufa moja iko mbali zaidi ya nyingine kwa mita 3 na nusu, zinafutana. Ziweke pamoja, zigusane, mistari inaondoka na nguvu inaongezeka.

Mdau, Tandahimba: Tumeziweka pamoja, imekuwa mbaya zaidi!

Jibu: Basi waya za moja zimegeuzwa. Chomoa spika zote kwenye amplifaya. Chukua betri ya 1.5 V, ile ya saa ya ukutani, chanya kwenye nyekundu, hasi kwenye nyeusi, gusa mara moja na utoe. Koni inatakiwa isogee mbele. Fanya kwa zote mbili, na itakayorudi nyuma ndiyo ya kugeuza waya. Usijaribu kwenye twita (spika ndogo ya sauti za juu) wala kwenye sabufa yenye amplifaya ndani.