Kimara au Mbezi? Fundi bomba anakuonyesha pa kuangalia kabla hujanunua nyumba

Kazi yangu ni bomba, hapa Dar es Salaam. Nafunga matanki, nazibua chemba, nahamisha mita za maji, na wateja wangu wengi wako kati ya Kimara Baruti na Mbezi ya ndani huko Makabe na Malamba Mawili. Kwa hiyo swali hili hunikuta nikiwa nimelala chini ya sinki la mtu: "Fundi, hela yetu ni ya nyumba moja tu. Tununue Kimara au Mbezi?"

Siku hizi nauliza kwanza, "Wewe na mwenzio mnafanya kazi wapi?" Ukiwa na riziki Kariakoo, Posta au Magomeni, Kimara inakubeba. Njia ya mabasi ya mwendokasi ya awamu ya kwanza, iliyoanza kazi 2016, inaishia Kimara Mwisho, na anayepandia mwanzo wa safari ana bahati ya kiti kuliko anayesubiri Ubungo. Kazi ikiwa Tegeta, Kinyerezi au Uwanja wa Ndege, Mbezi inakufaa zaidi. Pale Mbezi Mwisho kuna lami ya Goba inayokutoa hadi Tegeta, na upande wa pili kuna lami ya Malamba Mawili inayokushusha Kinyerezi, zote bila kupita Ubungo. Mwenye biashara ya mikoani naye ana Stendi ya Magufuli tangu 2021. Mume akiwa Posta na mke Kinyerezi, hapo mjadiliane wenyewe, mimi simo.

Mengine yote, majina ya Kimara na Mbezi hayakusaidii sana. Barabara ni ileile ya Morogoro, manispaa ni ileile ya Ubungo, na maji ya bomba chanzo chake ni kilekile cha Ruvu Juu. Nyumba mbili za Saranga, upande wa Kimara, zinaweza kutofautiana zaidi kuliko nyumba ya Saranga na ya Msigani, upande wa Mbezi. Angalia mlima ambao nyumba imekaa, na njia ya kukutoa hapo hadi kwenye lami.

Kabla ya mlima, barabara kuu. Dalali akikuonyesha nyumba ambayo ukisimama barazani unayaona magari ya Morogoro Road, usifurahi haraka. Mwaka 2017 zilibomolewa nyumba, maduka na hata nyumba za ibada kuanzia Kimara hadi Kiluvya kupisha barabara, na kipimo kilikuwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Wapo waliokuwa na makaratasi mkononi na bado nyumba zilienda. Kwa hiyo nyumba yoyote ya karibu na barabara, iwe Kimara Temboni au Mbezi kwa Msuguri, tafuta kwanza nguzo ya hifadhi ya barabara, simama juu yake, halafu geuka uitazame nyumba iko upande gani.

Sasa mlima. Eneo lote hili ni vilima na mabonde, na maji hayapendi kupanda. Ukipanda mita 10 kwenda juu, presha inapungua kama baa moja, yaani kipimo kimoja cha presha. Jirani wa bondeni anaweza kuoga kwa bomba la mvua huku wewe wa juu kwake, mtaa uleule, unasikia upepo tu kwenye koki. Ndiyo maana "maji yapo" ya dalali haina maana mpaka uyapime mwenyewe.

Kuna wateja, mke na mume, walinipeleka kuona nyumba Makabe. Nzuri, vigae hadi jikoni. Dalali akafungua bomba la jikoni, maji yakatoka kwa kishindo. Mama akatabasamu. Nikatoka nje bila kusema kitu, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye tanki, nikafunga koki ya bomba linaloshusha maji ndani. Nikasikia dalali anaita, "Fundi, umefanya nini?" Bomba la jikoni lilikuwa limekohoa mara mbili, likanyamaza. Tukaenda kwenye mita: sindano imesimama, vumbi juu ya kioo. Yale maji yaliletwa na boza. Hawakuacha nyumba, ila mazungumzo ya bei yalianza upya pale pale uwanjani.

Nawe fanya hivyohivyo. Funga koki ya tanki, halafu fungua bomba lililo karibu na mita, lile la bustani kwa kawaida. Likitoa maji, weka ndoo ya lita 20 uone inajaa kwa muda gani. Ikijaa ndani ya dakika mbili, hapo pana presha ya maana. Yakidondoka kama machozi, utahitaji tanki la chini, pampu na tanki la juu kwenye mnara, na umeme ukikatika maji nayo yamekatika. Kama siku hiyo hayatoki kabisa, usikate tamaa wala usimwamini muuzaji. Nenda genge lililo karibu, nunua nyanya, muulize mama wa pale maji hutoka siku gani na saa ngapi. Yeye anaosha mboga kila asubuhi na hana nyumba ya kuuza.

Na hesabu matanki ya majirani. Mtaa ambao kila nyumba ina simtanki moja dogo, watu wanapata maji. Mtaa ambao kila nyumba ina la lita 5,000 na jingine pembeni, umeshajibiwa.

Maji yakishaingia lazima yatoke, na hapa ndipo wanunuzi wengi hawataki hata kusogea. Mwambie muuzaji afunue mfuniko wa karo la choo. Ndiyo, siku hiyohiyo, na nguo zako nzuri. Uliza karo lilinyonywa lini na gari lilisimama wapi. Kimara ya zamani imejengwa kwa kubanana. Kuna nyumba nimefanya kazi ambazo njia yake ni ya mtu mmoja na mfuko wake wa saruji begani. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kufika, na mpira wake una mwisho. Watu wa nyumba hizo wanafanyaje? Mvua kubwa ikinyesha usiku wanatapisha choo, kinyesi kinateremka na maji ya mvua hadi bondeni. Ukinunua bondeni, wewe ndiye mpokeaji. Tembea nyuma ya ukuta wa nyumba ya juu yako. Ukiona bomba la inchi nne limechungulia ukutani bila kazi inayoeleweka, limekaa hapo likisubiri mvua.

Mbezi ya ndani viwanja ni vikubwa kidogo kwa hela ileile, una nafasi ya kuchimba shimo la pili na gari linaingia. Kwangu hiyo ni sababu kubwa kuliko mandhari. Lakini pima umbali: dalali wa huku ana tabia ya kuita Mbezi kila kitu, ukija kugundua mko Msumi, mbali huko ndani. Mwache na pikipiki yake, panda boda uliyemchagua mwenyewe kutoka lami, na njiani muulize bei mbili, ya usiku na ya siku ya mvua. Akikuambia mvua ikinyesha huko haendi, huyo ndiye amekueleza ukweli wa barabara. Kama unaweza kusubiri, nenda ukaone nyumba kati ya Machi na Mei, masika yakiwa yamekolea. Kiangazi kila nyumba ni nzuri.

Bondeni tahadhari mbili zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mito ya huku ni myembamba sana kiangazi kiasi kwamba dalali atakuambia ni mtaro. Halafu kuna wachimba mchanga. Wakichimba mtoni, kingo zinameguka, na kila masika korongo linasogelea ukuta wa mtu. Angalia mizizi ya miti iliyo ukingoni: ikining'inia hewani, udongo umeondoka juzijuzi. Nyumba ya mteremkoni nayo tazama msingi kwa upande wa chini, na ukuta wa kuzuia udongo kama una matundu ya kutolea maji. Ukuta usipokuwa na matundu, maji yanakusanyika nyuma yake na siku moja ukuta utalala chini.

Karatasi si fani yangu, nitasema machache. Barua ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa inaonyesha mliuziana, haikupi hati. Mitaa kadhaa ya Kimara, Kilungule ikiwemo, imepitiwa na urasimishaji, yaani kupima viwanja vya makazi yaliyojengwa bila mpango, kwa hiyo uliza namba ya kiwanja na ufanye upekuzi ofisi ya ardhi kujua mmiliki ni nani. Ridhaa ya mke au mume wa muuzaji iwe kwa maandishi. Nyumba ikiwa ya marehemu, anayeuza awe na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, vinginevyo utanunua kesi ya ndugu sita. Mwite wakili wako mwenyewe, si yule aliyeletwa na dalali. Na zungukeni mipaka na majirani wote, mjumbe akiwepo. Jirani mwenye kinyongo na mpaka hujitokeza siku hiyo.

Mkifika kwenye bei, njoo na orodha: tanki, pampu, mnara, shimo jipya, ukuta wa mteremko. Mwambie fundi akuandikie gharama ya kila kimoja, uiweke mezani mbele ya muuzaji. Kushusha kwa maneno, "nipunguzie mzee wangu," kunakupa kidogo. Karatasi ya fundi inampa muuzaji shida ya kuijibu.

Mimi mwenyewe, hela ikiwa yangu na kazi ikiwa hii ya kuzunguka, ningechukua Mbezi, mgongoni mwa kilima na si kileleni, mwendo wa miguu hadi lami ya Malamba Mawili. Mke wangu angechagua Kimara Korogwe kwa sababu dada zake wako huko.

Jambo la mwisho mnasahau sana: kabla ya kumalizia malipo, dai bili ya maji ya karibuni na usome namba ya mita ukilinganisha na iliyo ukutani. Nimekuta mita ya nyumba moja imeandikishwa kwa jina la mpangaji aliyehama zamani, na deni lake linakua. Likatwe kwenye bei, au muuzaji alilipe, ndipo mkabadilishe jina.