Visanduku sita kushoto, sita kulia: kufumbua na kutunga mafumbo ya Bongard

Nafundisha hisabati na sayansi shule ya msingi, na katika yote ninayochora ubaoni hakuna kinachowanyanyua watoto kwenye madawati kama visanduku kumi na viwili. Piga mstari wima katikati ya ubao. Kushoto chora visanduku sita, kulia sita, na ndani ya kila kimoja weka picha. Picha zote za kushoto zina jambo moja zinalochangia, na hakuna hata picha moja ya kulia yenye jambo hilo. Kazi ya mfumbuaji ni kulitaja kwa sentensi moja. Haelezwi kitu kingine chochote. Ana mifano tu, na macho yake.

Mafumbo haya yalitungwa na Mikhail Bongard, mwanasayansi wa Muungano wa Kisovieti aliyekuwa akihangaika na swali la namna mashine inavyoweza kujifunza kutambua vitu. Mwaka 1967 alitoa kitabu kuhusu jambo hilo na mwishoni akaweka mafumbo 100. Mwaka 1979 Mmarekani Douglas Hofstadter aliandika kwa kirefu kuyahusu, na tangu hapo watu wengi wamekuwa wakitunga ya kwao. Ukiyapitia ya Bongard mwenyewe utaona ngazi iliyopangwa kwa makini. La kwanza linatenganisha visanduku vitupu na vyenye picha, basi. La 6 lina pembetatu upande mmoja na pembenne upande wa pili. La 47 lina pembetatu ndani ya duara kushoto, na duara ndani ya pembetatu kulia. La 100 lina herufi А na herufi Б za Kirusi, zilizochorwa kwa mitindo mbalimbali kabisa. Mtoto aliyeanza kwa kutofautisha kitupu na kisicho kitupu anafika mahali pa kujiuliza ni nini hasa kinachoifanya А iwe А.

Sasa tufumbue. Nitatumia alama ili uweze kufuata hapo ulipo. Kila mstari ni kisanduku kimoja.

Kushoto:
○ △ ○
■ ■
△ ● ● △
● ○ ■ ○ ●
■ △ △ △ ■
●

Kulia:
○ △ ■
■ ●
△ △ ●
● ○ ■ △
○ ○ ○ ■
■ △ ● ○ △

Usianze juu ukashuka. Anza na kisanduku chenye vitu vichache kuliko vyote, kwa sababu humo kanuni haina pa kujificha. Hapa ni kile chenye ● peke yake. Kiko kushoto, kwa hiyo kanuni yoyote inayodai vitu viwili au rangi mbili imekwisha kufa. Umefuta mambo mengi kwa kutazama alama moja.

Kisha tamka unachokiona, kwa sauti. Darasani mtoto akiniambia "Mwalimu, vya kushoto vinafanana," namuuliza vinafanana katika jambo gani, na namsubiri. Kuona kufanana ni rahisi. Kukitaja kinachofanana ndiyo kazi. Asiyepata pa kuanzia nampitisha kwenye maswali yale yale kila mara: vitu ni vingapi? Ni vikubwa au vidogo? Vimejazwa wino au viko wazi? Vimesimama au vimelala? Kipi kiko ndani ya kipi? Vinagusana? Mstari umejifunga au umeacha mwanya? Kuna kinachojirudia, na kinajirudia wapi? Mafumbo mengi ya mwanzo hufumbuka kabla maswali hayajaisha.

Wazo likikujia, lipeleke kulia kwanza. Hili nalisisitiza kuliko yote, maana watoto, na watu wazima vilevile, wakipata jambo lililo katika visanduku vyote sita vya kushoto wananyoosha mkono papo hapo. Mmoja atasema: "Kushoto alama zinajirudia!" Kwanza ile ● pekee haijirudii. Halafu tazama kulia: ○ ○ ○ ■ inajirudia, na △ △ ● nayo. Wazo halijathibitika mpaka limetembea visanduku vyote kumi na viwili, na mahali pa kulijaribu ni pale ambapo linaweza kuvunjika. Darasani kwangu mkono haunyooshwi kabla ya safari hiyo kuisha.

Bado umekwama? Tafuta jozi ya karibu: kisanduku kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia vinavyokaribia kabisa kulingana. Hapa ni ○ △ ○ na ○ △ ■. Tofauti ni alama moja tu, ya mwisho. Kanuni lazima iwe inaiona tofauti hiyo, kwa hiyo inahusu mwisho, na pengine mwisho ukilinganishwa na mwanzo. Angalia ■ ■ na ■ ●: hadithi ni ile ile.

Jibu basi ni lipi? Wengine watasema: kushoto, alama ya kwanza na ya mwisho ni sawa. Wengine: kushoto, ukisoma kutoka mwanzo au kutoka mwisho unapata kitu kile kile. Pima yote mawili. Yote yanasimama katika visanduku vyote kumi na viwili. Sasa nakupa cha kumi na tatu:

○ △ ■ ○

Kinakwenda upande gani? Kwa kanuni ya kwanza kinakwenda kushoto, kwa ya pili kulia. Mifano kumi na miwili haikutosha kuamua, na huu mmoja unaamua. Nikiuweka kushoto, kanuni ya kusoma pande zote mbili imeanguka. Nikiuweka kulia, kanuni ya mwanzo na mwisho ndiyo imeanguka. Ningeweza kuongeza mifano hamsini ya aina ya ■ ■ na ○ △ ○ na mtoto asijue zaidi ya alivyojua. Kinachofundisha ni mfano unaosimama pale pale kanuni mbili zinapoachana.

Wanaofundisha kompyuta walikutana na jambo hili mapema. Mwaka 1970, katika tasnifu yake huko MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, Patrick Winston alieleza programu iliyojifunza umbo la tao lililojengwa kwa vipande: nguzo mbili na boriti juu yake. Programu ilionyeshwa matao ya kweli, lakini pia ilionyeshwa vitu vilivyokosea kwa jambo moja tu, kwa mfano nguzo mbili zikiwa zimegusana. Kutokana na kosa hilo moja ilijua kwamba tao lazima liwe na nafasi katikati ya nguzo. Mimi mifano ya namna hiyo naiita mifano jirani, na naamini kabisa kwamba somo lisilokuwa nayo ni somo la nusu.

Kutunga ni kugumu kuliko kufumbua, na ndiko ninakotaka ufike, mwalimu mwenzangu au mzazi. Andika kanuni yako kwanza kwenye kipande cha karatasi, kwa sentensi moja fupi. Ikihitaji "na" au "isipokuwa", ipunguze. Halafu chora kushoto, na kila kisicho kanuni kibadilishe kadiri unavyoweza. Kanuni ikiwa ni pembetatu, chora kubwa na ndogo, nyembamba na nene, iliyojazwa na iliyo wazi, iliyosimama kwa ncha na iliyolala, moja kwa mstari ulionyooka na moja kwa vitone. Ukichora zote kubwa, umetunga fumbo la ukubwa bila kujua. Kulia weka angalau mifano jirani miwili: pembenne yenye upande mmoja mfupi mno kiasi cha kukaribia pembetatu, na umbo lenye pembe tatu lakini pande zilizopinda. Visanduku vinne vilivyobaki viwe vya mbali zaidi ili mtu apate pa kushika.

Ukimaliza, geuka uwe adui wa fumbo lako. Tafuta kanuni nyingine inayotenganisha pande hizo mbili. Ukiipata, usilifute fumbo zima. Badilisha kisanduku kimoja tu, kile kitakachoiua kanuni isiyotakiwa. Baadaye mpe mtu asiyejua jibu na ukae kimya. Akileta jibu lako, vizuri. Akileta jingine linalosimama, amefumbua sawasawa na fumbo ndilo lenye tundu. Mtoto aliyeleta jibu la namna hiyo nampa alama zote, na namkabidhi chaki aje achore kisanduku cha kuliziba.

Njia hii haiishii kwenye maumbo. Somo la majani nimeacha kulianza kwa maelezo. Naweka meza mbili. Ya kushoto ina majani ya mahindi, mtama, mpunga, muwa, tangawizi na mgomba. Ya kulia ina maharage, mchicha, mpera, mlimao, kisamvu na mwembe. Watoto wanashika, wananusa, wanainua jani kwenye mwanga wa dirisha. Wazo la kwanza karibu kila mara ni kwamba ya kushoto ni membamba. Ndiyo maana jani la mgomba lipo pale, pana kuliko yote mezani. Wazo la pili ni kwamba ya kushoto ni marefu. Ndiyo maana mwembe upo kulia, na jani lake refu lenye ncha. Mawazo hayo mawili yakishakufa, kinachobaki ni kutazama ndani ya jani, na hapo mmoja ataona kwamba kushoto mishipa inakwenda sambamba, na kulia inasambaa kama wavu. Wamefika kwenye mimea ya ghalabegu moja na ya ghalabegu mbili (ghalabegu ni jani la kwanza lililomo ndani ya mbegu) kabla sijayataja majina hayo, na wakiyasikia wana kitu cha kuyatundikia.

Angalizo kwa atakayejaribu: chuma majani asubuhi ile ile. Yaliyonyauka yanajikunja na mishipa haionekani vizuri, hasa ya mchicha.

Kwa wakubwa kidogo, daftari la hesabu lenye miraba na penseli za rangi vinatosha kwa aina nyingine ya fumbo. Mwaka 2019 François Chollet, mtafiti wa akili bandia, alitoa mkusanyiko wa mafumbo uitwao ARC, wa kupima jinsi mashine inavyojifunza kwa mifano michache. Hapo hakuna kushoto na kulia. Unapewa jozi chache za gridi, ya kabla na ya baada, kisha gridi moja ya kabla peke yake, nawe uchore ya baada. Ukitaka ya kuanzia, chora gridi ya miraba mitano kwa mitano yenye miraba myekundu inayoning'inia juu. Katika gridi ya baada, yote imeshuka mpaka chini kwenye safu wima ile ile. Toa jozi tatu. Katika moja, weka miraba miwili kwenye safu wima moja, ili aliyedhani kwamba kila safu inaishia na mraba mmoja aone inavyorundikana. Katika nyingine, acha safu moja tupu. Kisha mpe jaribio lenye mraba ambao tayari uko chini, na umwombe akueleze kwa nini hakuusogeza.