Kumwandikisha Mtoto Shule ya Msingi England: Mwongozo kwa Familia Zinazohamia

Wazazi wengi wanaohamia England kutoka Afrika Mashariki hufika na bahasha nene ya ripoti za chekechea, wakidhani mtoto atafanyiwa usaili kama zinavyofanya shule nyingi binafsi za Dar es Salaam na Nairobi. Shule ya msingi ya serikali hapa haitozi ada wala haimpi mtoto mtihani wa kuingia. Mambo yanayoamua zaidi ni tarehe ya kuzaliwa na anwani ya nyumbani. Mimi ni msaidizi wa darasa katika shule ya serikali, na kazi yangu ni kuwapokea watoto wanaofika bila Kiingereza. Ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayowaeleza wazazi wao. Yanahusu England pekee, kwa kuwa Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Hatua ya 1: Jua darasa lake

Mwaka wa shule huanza tarehe 1 Septemba na kuishia tarehe 31 Agosti. Mtoto huanza darasa la awali, liitwalo Reception, mwezi wa Septemba baada ya kutimiza miaka 4, kisha huingia Year 1 na kuendelea hadi Year 6. Aliyezaliwa tarehe 20 Agosti 2020 alianza Reception Septemba 2024. Aliyezaliwa tarehe 5 Septemba mwaka huohuo alisubiri hadi Septemba 2025. Mtoto aliyekwisha kutimiza miaka 6 kufikia Septemba huingia Year 2, hata kama nyumbani Tanzania angekuwa ndiyo kwanza anaingia darasa la kwanza. Jambo hili huwatia wazazi hofu, na wengine huomba mtoto arudishwe nyuma ili ajifunze lugha kwanza. Kwa maoni yangu ombi hilo halimsaidii, kwa sababu mtoto hujifunza lugha haraka zaidi akiwa na wa rika lake.

Hatua ya 2: Nyoosha majina na nyaraka

Familia za pwani na visiwani hukwama hapa kuliko mahali pengine. Mtoto ana jina lake, la baba na la babu. Kompyuta ya shule hulichukua la mwisho kuwa jina la ukoo, na mama, ambaye naye anabeba jina la babu yake mwenyewe, huonekana kana kwamba si mzazi wa mtoto huyo. Jaza kila fomu kwa mpangilio uleule ulio katika pasi ya mtoto, usibadilishe hata herufi moja, na mahali panapouliza uhusiano wako na mtoto paandike kikamilifu.

Ushahidi wa anwani kwa kawaida ni mkataba wa upangaji au bili ya kodi ya halmashauri. Mkiwa mmepokewa na ndugu na hamna karatasi yoyote yenye majina yenu, ulizeni halmashauri inakubali barua ya namna gani kabla ya kutuma maombi. Tarehe ya kuzaliwa inaweza kuthibitishwa baada ya nafasi kutolewa, na kanuni za uandikishaji zinakataza kudai cheti kirefu chenye habari za wazazi. Shule za serikali haziruhusiwi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya uraia au hali yake ya uhamiaji. Ni juu ya mzazi kuhakikisha kwamba viza inamruhusu mtoto kusoma.

Hatua ya 3: Tuma maombi kwa njia inayokuhusu

Mtoto anayetarajiwa kuanza Reception Septemba ijayo huombewa kupitia halmashauri ya mahali mnapoishi, hata kama shule mnayoitaka iko katika eneo la halmashauri jirani. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 15 Januari, na majibu hutolewa tarehe 16 Aprili au siku ya kazi inayofuata. Mzazi anaweza kutaja shule tatu au zaidi, na London hadi sita. Taja zote unazoruhusiwa: shule haiwezi kumpa mtoto kipaumbele kwa kuwa umeitaja ya kwanza, wala kumwadhibu kwa kuwa umeitaja ya mwisho. Shule ikijaa, kwa kawaida hutazamwa kama ana ndugu anayesoma hapo na umbali kutoka nyumbani, kwa hiyo weka angalau shule moja ya karibu kabisa. Shule za kanisa mara nyingi huwa na fomu yao ya ziada.

Mnaofika katikati ya mwaka mna njia nyingine. Kuna halmashauri zinazopokea maombi hayo zenyewe, na kuna shule zinazoyapokea moja kwa moja. Pigeni simu halmashauri mwanzo. Jibu la maandishi halipaswi kuzidi siku 15 za shule.

Hatua ya 4: Ukipewa shule usiyoitaka

Ikubali, huku jina la mtoto likibaki katika orodha ya kusubiri ya shule uliyoitaka. Kukubali moja hakukuondoi katika nyingine. Unayo haki ya kukata rufaa mbele ya jopo huru, lakini kwa Reception, Year 1 na Year 2 sheria inaweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na rufaa dhidi ya kikomo hicho hushinda kwa sababu chache sana. Familia zinazohamahama ni nyingi, na nafasi huachwa wazi katikati ya muhula.

Hatua ya 5: Maandalizi ya nyumbani

Mwandikishe mtoto kwa daktari wa mtaa na upeleke kadi yake ya kliniki, ili chanjo zilizobaki zipangwe. Chakula cha mchana ni bure kwa kila mtoto wa Reception hadi Year 2. Iambie shule mapema kama anakula halali. Sweta na fulana za sare zisizo na nembo ya shule hupatikana kwa bei nafuu madukani, na kila kitu, hadi soksi za michezo, kiandikwe jina.

Hatua ya 6: Wiki za kwanza

Mtoto asiyejua Kiingereza anaweza kunyamaza darasani kwa wiki kadhaa, hata miezi. Anasikiliza, na kwa kawaida si ugonjwa. Fomu ikiuliza lugha ya nyumbani, andika Kiswahili bila woga, na endeleeni kuzungumza naye kwa lugha hiyo, kwa kuwa mtoto mwenye maneno mengi katika lugha moja hupata pa kuyashikizia ya pili.

Kusoma hufundishwa kwa sauti za herufi. Mtoto aliyezoea ba, be, bi, bo, bu ana mwanzo mzuri, lakini ulimi wetu hupenda kuongeza irabu mwishoni. Ukimsaidia kusoma neno "sat", tamka s kama mlio wa nyoka, bila irabu, kisha a, kisha t iliyokatwa. Ukisema "sa-a-ta", atasoma neno ambalo halipo. Juni ya Year 1 hupimwa kwa maneno 40, nusu yake yakiwa ya kubuniwa yasiyo na maana, kwa hiyo kukariri hakumfikishi mbali.

Hatua ya 7: Mahudhurio

Mlango hufungwa dakika ileile iliyopangwa. Shule nyingi huanza kati ya saa mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Mtoto wa umri huu hukabidhiwa kwa mtu mzima aliyetajwa na mzazi tu, kwa hiyo kama shangazi ndiye anayekuja kumchukua, ofisi lazima iarifiwe kwanza.

Kusafiri kwenda nyumbani wakati wa muhula huleta faini. Mtoto wa umri wa lazima wa shule (kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 5) akikosa bila ruhusa siku 5 ndani ya wiki 10 za shule, kila mzazi anaweza kutozwa pauni 80 kwa kila mtoto, na kiasi hicho hupanda hadi pauni 160 kisipolipwa ndani ya siku 21. Tafuteni mapema tiketi za likizo ya mwishoni mwa Julai na Agosti, ingawa ni ghali. Siku ya Idi ni tofauti: shule hukubali kutokuwepo kwa sababu ya sikukuu ya dini ya wazazi, mradi umeiandikia ofisi kabla, nawe ukitaja kwamba tarehe inategemea mwandamo wa mwezi.