Gari mpya, oili ya kwanza ubadilishe lini?

Kila mtu akinunua gari anauliza hivyo, oili ya kwanza nimwage lini, na ukiuliza mafundi watano unapata majibu matano, mmoja anasema kilomita 500, mwingine 1,000, mwingine anakwambia endesha tu mpaka 10,000 si ndo vitabu vya siku hizi vinasema. Mimi kabla sijajibu nauliza kwanza, mpya ya wapi? Manake huku Uganda gari mpya ziko za aina mbili. Kuna ile ya zero imetoka shorumu na nailoni bado iko kwenye viti, hizo ni za makampuni na maofisi na watu wachache wenye pesa zao. Alafu kuna mpya yetu sisi wengine, Toyota kama Premio au Fielder au Noah iliyokula barabara za Japani miaka kumi na kitu (iliyofika 15 haiingii tena, sheria ya 2018 iliikataa), ikapanda meli, ikashuka Mombasa, ikakaa bondi (yadi ya magari ambayo bado hayajalipiwa ushuru), ukailipia, ukaweka namba ya Uganda, majirani wakaja kukupongeza.

Hii ya Japani haina mambo ya kungoja kilomita. Badilisha siku unayoichukua, au kesho yake. Fikiria tu imepita wapi, imekaa yadi miezi, kwenye meli wiki kadhaa, kila mtu anayetaka kuisogeza anaiwasha ikiwa baridi anaikanyagia dakika mbili anaizima, hapo maji ya moshi yanabaki ndani ya oili hayapati joto la kuyakausha. Na kama imeendeshwa kutoka Mombasa, hizo ni kilomita kama 1,150 mpaka Kampala, na yule dereva shida yake ni kufika tu, oili yako haimhusu.

Ukitaka kujua oili iliyomo ni ya lini, fungua mlango wa dereva uangalie pale kwenye nguzo mlango unapofungia, au chini ya boneti. Mara nyingi utakuta kastika kadogo ka gereji ya Japani. Yangu iliandikwa 30.6.12 na kilomita 84,300. Nilidhani hiyo 30 ni tarehe, kumbe ni mwaka wa mfalme wao, kipindi cha Heisei, unajumlisha 1988 unapata 2018. Mimi gari nilichukua 2021, so oili ilikuwa na miaka mitatu! Kama namba ya mwaka ni ndogo, tuseme 5, hiyo ni Reiwa, kipindi kilichofuata Heisei, jumlisha 2018 unapata 2023. Ila angalia vizuri, stika zingine zinaandika sevisi inayofuata sio iliyopita.

Ukishamwaga hiyo ya kwanza, ya pili usiipeleke mbali. Mimi nilifanya kwa 3,000 kwa sababu oili mpya ina dawa ya kusafisha, inabandua uchafu wa zamani wote inaubeba, ukichomoa dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili) baada ya wiki mbili unaona imeshakuwa nyeusi, usiogope, inafanya kazi yake. Baada ya hapo ndo unaingia kwa ratiba ya kawaida.

Sasa ile ya zero. Hiyo ya 1,000 ya wazee ilikuwa na maana yake, injini mpya ringi za pistoni zinakuwa zinasuguana na ukuta wa silinda mpaka zikae sawa, na huo unga wa chuma unaingia kwenye oili. Siku hizi vyuma vinachongwa vizuri zaidi na filta inashika mwingi. Honda wao kwa miaka mingi wamesema oili ya kiwandani usiiharakishe kuitoa. Kwa hivyo soma kitabu cha gari yako, usisikilize stori za stendi. Lakini banange, usisome ukurasa mmoja tu! Pale panaposema 10,000 au mwaka mmoja, tafuta sehemu ya mazingira magumu, wameandika vumbi, safari fupi fupi, kubeba mizigo mizito, injini kunguruma gari imesimama. Hiyo si ni murram, barabara zetu za udongo, na jamu ya Jinja Road hapa Kampala saa kumi na moja jioni? Wametuandikia sisi. Hapo kwa gari nyingi unakuta nusu yake, 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Kama una hamu ya kumwaga kwa 1,000 mwaga, ila muulize muuzaji kwanza na utunze risiti, waranti inataka karatasi. Na hizo 1,000 za mwanzo usiikanyage sana wala usivute trela.

Aina ya oili pia fuata kitabu. Fundi atakwambia weka 20W-50, ile nzito, huku ni joto. Kampala sio Dubai jamani, na oili nzito asubuhi inachelewa kupanda juu. Premio yangu ya 1.5 inakunywa 5W-30, hiyo ni nyepesi zaidi, lita 3.7 pamoja na filta, so ukinunua dumu la lita 4 inatosha na kidogo kinabaki. Angalia sili ya kifuniko, dumu zilizojazwa tena ziko nyingi.

Kuibadilisha mwenyewe sio kazi. Washa injini kama dakika tano oili ipate uvuguvugu, zima, paki mahali tambarare, inyanyue kwa jeki uiegemeze kwenye stendi za kushikilia gari, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Beseni chini, spana 14 kwa Toyota nyingi, fungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ikitoka nyekundu simama hapo hapo, umefungua ya gia boksi. Iache itiririke mpaka ibaki tone tone. Weka washa mpya (kale karingi bapa ka kuzuia kuvuja) kwenye nati, kaza ya kutosha usining'inie kwenye spana, sampu nyingi ni za alumini zinakufa nyuzi.

Kwa filta ndo nakaa sana, manake paliniuma. Kuna gereji moja walinifungia filta mpya ule mpira wa filta ya zamani ukiwa umebaki umeng'ang'ania kwenye injini, mpira juu ya mpira. Natoka Tororo sijafika Bugiri, taa nyekundu ya oili ikawaka, kuzima na kushuka nikaona mstari mweusi kwenye lami unatoka mbali huko nyuma. Kwa hivyo ukitoa filta geuza uangalie mpira wake umetoka nayo, alafu futa pale inapokaa kwa kitambaa. Mpya ipake oili kwenye mpira kwa kidole, zungusha kwa mkono mpaka iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi.

Mimina lita tatu na nusu kwanza, washa dakika moja ukichungulia chini, zima, ngoja dakika tano, pima na dipstiki ukiongeza pole pole mpaka karibu na alama ya juu, usiipite. Ile chafu usimwage mtaroni, kwetu wanapaka nguzo za ua mchwa wasile. Alafu andika tarehe na kilomita mahali. Mimi naandika kwa maka pale pale mlangoni, chini ya ka stika ka Heisei, hako sijakabandua.