Mambo ya kuzingatia kabla hujazama kwenye wafalme na maaskofu wa zama za Waviking

Wengi huanzia Lindisfarne, kisiwa chenye monasteri pwani ya Uingereza, mwaka 793, Waviking (wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia) walipoivamia, watawa wakichinjwa na hazina ya kanisa ikipakiwa majahazini, halafu hukwama kabla hawajafika mbali. Kinachowakwamisha si vita, ni majina. Wessex, ufalme wa kusini mwa Uingereza, ilitawaliwa na Æthelwulf, kisha wanawe Æthelbald, Æthelberht na Æthelred, mmoja baada ya mwingine, hadi ikamfikia mdogo wao Alfred mwaka 871. "Æthel" ni uungwana, kwa hiyo kila mwenye ukoo alimbandika mwanawe. Chukua karatasi uchore ukoo huo kwanza. Bila hivyo utamchanganya Æthelred kaka yake Alfred na yule wa pili aliyekuja zaidi ya miaka mia baadaye. Huyo wa pili jina lake lina maana ya shauri la kiungwana, na waliokuja baadaye wakamtania kwa kumwita "Unræd", yaani shauri bovu.

Usiende ukitafuta Uingereza moja, haikuwapo. Jeshi kubwa la Waviking liliposhuka East Anglia mwaka 865 lilikuta falme nne. Wafalme wawili wa Northumbria waliuawa York mwaka 867, Edmund wa East Anglia akafuata mwaka 869, Burgred wa Mercia akakimbilia Roma mwaka 874. Mwanzoni mwa 878 hata Alfred alikuwa mafichoni kwenye vinamasi vya Athelney. Ukikuta kifo cha Edmund kimeandikwa 870, usishangae: si waandishi wote wa zamani waliouanza mwaka Januari.

Lakini kubwa kuliko yote ni askofu. Mweke kando huyu unayemjua wa kipaimara na michango ya ujenzi. Askofu wa siku zile alimiliki ardhi, alikaa barazani kuamua kesi, alimshauri mfalme, na wengine walifia vitani: Heahmund wa Sherborne mwaka 871, Eadnoth wa Dorchester kule Assandun mwaka 1016. Ndiyo maana Alfred, alipotaka elimu ifufuke, alianza na maaskofu wake. Aliwapelekea kitabu cha Papa Gregori kuhusu kazi ya mchungaji, kwa Kiingereza, na kila nakala na kijiti cha kufuatia maneno wakati wa kusoma, cha thamani ya mankusi 50. (Mankusi ni kipimo cha dhahabu, na wataalamu wengi hulirudisha neno hilo kwenye Kiarabu "manqush", ndugu wa nakshi yetu. Offa, mfalme wa Mercia kabla ya Alfred, alikwisha kupiga sarafu ya dhahabu kwa kuiga dinari ya khalifa, maandishi ya Kiarabu na yote, jina lake likiwa kichwa chini katikati.)

Tahadhari: wapo Wulfstan wawili, wote maaskofu wakuu wa York. Wa kwanza alishikamana na Waviking hadi mfalme Eadred akamtia kizuizini mwaka 952. Wa pili, aliyefariki 1023, alimtungia sheria yule Æthelred wa pili, na Waviking walipoitwaa nchi akamtungia Cnut, mfalme Mdenmark. Mimi huyu wa pili ndiye ningemfuata kuliko mfalme yeyote.

Ukifika kwenye fedha, weka kikokotoo karibu. Pauni moja ilikuwa senti 240 za fedha. Mwaka 991 Waviking walilipwa pauni 10,000 waondoke, kwa ushauri wa Sigeric, askofu mkuu wa Canterbury. Walirudi, bila shaka. Mwaka 1012 malipo yalifika 48,000, yaani senti zaidi ya milioni 11.

Ni mwaka huohuo walipokuwa wamemshika Ælfheah, askofu mkuu mwingine wa Canterbury, aliyewakataza watu wake wasitoe chochote kumkomboa. Tarehe 19 Aprili, huko Greenwich, wakiwa wamelewa divai, walimpiga kwa mifupa na vichwa vya ng'ombe, hadi mmoja akamgonga kichwani kwa kisogo cha shoka. Miaka 11 baadaye mwili wake ulitolewa London kurudishwa Canterbury kwa heshima zote, kwa idhini ya Cnut.